Bahasha ya Mzee wa Baraza

Kuna watu ukiwakumbuka mate yanakujaa mdomoni, na si kwa hamu ya kula. Wangu mimi ni yule mzee wa baraza. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana huku kwetu Karagwe ukishataja ukoo umeshamtaja mtu mwenyewe, na mimi naye bado tunakutana misibani. Baraza lenyewe la ardhi nalo sitalitaja ni lipi. Mjue tu kwamba alikuwa mmoja wa wazee wawili waliokaa kushoto na kulia kwa mwenyekiti, wakasikiliza kesi za vibanja, mashamba yetu ya migomba na kahawa, na za mipaka tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kila mmoja akaandika maoni yake: shamba ni la nani, na kwa nini anaona hivyo. Mwenyekiti ndiye msomi wa sheria na ndiye anayetoa hukumu, lakini hatakiwi kuitoa kabla ya kupata maoni ya wazee wake.

Nilimjua kwa sababu ya kazi yangu. Nina stesheneri Kayanga, nyuma ya stendi. Natoa fotokopi, nachapa barua, nalaminisha vyeti. Yeye aliniletea maoni yake niyachape, miaka na miaka. Aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari la hesabu, zile za viboksi, kila herufi imesimama wima kwenye kiboksi chake kama inakaguliwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imeamka?"

Alivua kofia kumsalimia kila mtu, hata mtoto wa shule aliyekuja kununua peni. Koti lake la kahawia lilikuwa na mfuko wa ndani, na humo alibeba kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. Hakuanza kusema shida yake mpaka utafune punje mbili tatu. Nilikuwa naipenda ile adabu. Leo nikinusa kahawa ya kutafuna nageuza uso, na mimi ni Mnyambo wa kuzaliwa, kahawa hiyo nimeikuta nyumbani kabla sijajua kutembea.

Kwa shingo upande nitakiri jambo moja: hakuwa mla rushwa. Mtu mmoja mwenye kesi ya mpaka alimwachia jogoo mlangoni, kafungwa miguu, hakuna barua wala salamu. Asubuhi mzee akapanda bodaboda, jogoo kampakata, akamrudisha kwa mwenyewe na kumwambia, "Nimemleta akiwa hai, mhesabu manyoya." Yule mtu aliona aibu sana. Na kwa aibu hiyo akamchinja jogoo palepale amkirimu mgeni, na mzee akaketi, akala paja lote na ndizi zake. Aliponihadithia nilimwuliza kama hiyo si rushwa ileile, isipokuwa imepitia jikoni. Alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Jogoo wa kesi nilimrudisha," akasema. "Niliyemla mimi alikuwa wa mgeni."

Kesi ile mtu wa jogoo alishindwa, na maoni ya mzee yalikuwa makali kuliko ya mtu mwingine yeyote. Nayajua, niliyachapa. Lakini yule mtu mpaka leo anadhani mzee alimtetea. Wakikutana sokoni wanakumbatiana.

Huko kutojulikana ndiko kulikokuwa ufundi wake. Sheria inataka maoni ya wazee wa baraza yasomwe kwa sauti mbele ya wenye kesi wote wawili, na mwenyekiti aandike kwenye kumbukumbu za shauri kwamba yamesomwa. Aliyeshinda asikie, aliyeshindwa naye asikie. Mzee wetu hakusoma hata mara moja. Aliyatia kwenye bahasha ya kaki, akailamba, akaifunga, na siku ikifika anainuka, anaiweka mezani kwa mwenyekiti kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, yangu yamo humo." Anakaa. Mzee mwenzake, ambaye alimwiga katika kila kitu hadi kukohoa, naye akaanza kutumia bahasha. Nilikuwa nawauzia mimi.

Najua bahasha ikitajwa watu wanafikiria nini. Hapana, haikuwa hiyo. Ilikuwa ni heshima, ndivyo tulivyoiita. Kwa wazee wa kwetu, mtu mzima hamwambii mwenzake usoni kwamba umeshindwa. Shauri likikatwa, wazee wanamnong'oneza mkubwa, mkubwa anatamka, na lawama zote zinabaki kwake. Siku moja nilimwuliza mbona hasomi, na mimi nimemchapia kwa herufi kubwa ili asipate taabu ya macho.

"Nimsomee nani?" akasema. "Mtu ambaye jembe la kunichimbia kaburi liko nyumbani kwake? Kesi inaisha, mwanangu. Jirani haishi."

Mimi mjinga nikaona nimepewa hekima. Nikaiandika nyuma ya daftari la duka. Bado ipo, nimeichora mistari mpaka karatasi imetoboka.

Mwenyekiti alikuwa kijana kutoka mikoa ya mbali, mafaili yamemjaa hadi kwenye viti vya wageni, na hakuwa na nguvu ya kubishana na mvi. Alipokea bahasha, akaenda kuzisoma ofisini kwake, akaandika hukumu. Ndani ya hukumu alisema amezingatia maoni ya wazee. Yalisomwa lini na mbele ya nani, hakuandika, angeandika nini na hayakusomwa? Na sisi tuliokaa kwenye mabenchi hakuna aliyenyoosha mkono.

Sasa nije kwa shangazi yangu, dada yake baba. Aliolewa Chonyonyo. Yeye na mumewe walinunua kibanja kwa jirani yao, wakapanda migomba na kahawa, wakajenga. Watoto waliopata hawakuishi. Mume alipofariki alizikwa nyuma ya nyumba, na shangazi akaacha kipande kando ya kaburi, kipana kiasi cha kulala mtu, hapandi hata maharage. Ilikuwa nafasi yake.

Arobaini haijaisha, shemeji yake akaanza. Huyu ni mdogo wa marehemu, na nitamwita Shemeji tu kwa sababu ndivyo shangazi alivyomwita hata mbele ya baraza. Shemeji alisema kibanja ni cha ukoo, kaka yake alikuwa anakitunza tu, na mwanamke asiye na mtoto arudi kwao Nyabiyonza. Mpaka wa kibanja ulikuwa umewekwa kwa mramura, ule mmea wa majani marefu tunaopanda kutenganisha shamba na shamba. Shangazi alikwenda kanisani Jumapili, aliporudi mramura haupo, mstari mzima, na udongo umesawazishwa.

Shangazi hakutaka fidia, hakutaka kuuza. "Mimi nataka kulala karibu na mume wangu," alisema. "Nikishalala, mengine mtagawana hata kesho yake."

Kesi ilipofika mahali pa kwenda kuona shamba, nilimsindikiza. Siku hiyo nilimwona mzee wa baraza akifanya kazi, na nawaambia ukweli, ndiyo maana hasira yangu juu yake haiishi. Angekuwa mpumbavu ningemsamehe zamani. Wengine walisimama wakiangalia viatu visiingie tope. Yeye alivua koti, akanipa nimshikie, akapita katikati ya migomba akiigusa mmoja mmoja.

"Hii imepogolewa na mkono mmoja," akasema, "na ile ya kule na mkono mwingine. Huyu huacha machipukizi mawili kwenye shina, yule huacha matatu, mroho. Katikati hapa palikuwa na kitu."

Akachutama. Akachokonoa kwa kijiti, akasogea hatua chache, akachokonoa tena. Mara ya tatu akavuta kisiki cha mramura kilichokatwa kwa panga, mizizi yake ya rangi ya chungwa bado ina maji. Akakisogeza mbele, akapata kingine, na kingine, vimenyooka mstari mmoja hadi barabarani. Shemeji alikuwa anatazama angani kana kwamba anangoja mvua.

"Mheshimiwa, andika," mzee akamwambia mwenyekiti. Nikasema moyoni, shangazi, umelala kwako.

Maoni aliyoniletea wiki ile nilichapa huku nafuta machozi kwa kanga. Hayakuzidi ukurasa. Alieleza visiki, akaeleza kupogoa, akaeleza maneno ya jirani aliyewauzia, mzee sana, aliyekuja kutoa ushahidi akishikiliwa pande mbili. Mwisho aliandika: "Kibanja ni cha mama huyu. Mjibu maombi ameung'oa mpaka kwa mkono wake, aurudishe kwa mkono wake. Mama aachwe akae alipozikwa mumewe mpaka naye azikwe hapo." Niliyahifadhi kwenye kompyuta kama ninavyohifadhi kila kitu, wateja wa kwetu hupoteza karatasi.

Siku ya maoni nikaketi nyuma na shangazi. Mzee akainuka, bahasha mikono miwili. "Mheshimiwa, yangu yamo humo." Shangazi akanisogelea sikioni.

"Ona mtu mwenye adabu," akasema. "Hakutaka kumwaibisha Shemeji mbele za watu."

Ndiyo, shangazi mwenyewe alimsifu, Mungu amrehemu, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Hukumu ilipotoka tulishinda. Tulikunywa rubisi siku mbili. Shemeji akakata rufaa Bukoba.

Bukoba tulipanda kwenye chumba cha Mahakama Kuu tukiwa tumevaa vizuri, shangazi na gomesi yake ya Pasaka. Jaji alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, hakumkatisha mtu. Wakili wa Shemeji alikuja na sababu sita za rufaa, zote za ukoo na mila. Hakufika hata ya kwanza.

"Kabla ya sababu zenu," jaji akasema, "naomba mmoja wenu anionyeshe ukurasa ambapo maoni ya wajumbe wa baraza yalisomwa kwa wadaawa."

Mawakili wote wawili wakaanza kufunua. Wakafunua kwenda mbele, wakafunua kurudi nyuma. Wa kwetu alilamba kidole mara nyingi kiasi kwamba nilimwonea huruma. Niliketi pale nikijua ukurasa ule haupo na sababu ya kutokuwepo, kwa maana bahasha niliuza mimi. Wakili wa Shemeji, ambaye jambo hilo halikuwa hata kwenye karatasi zake, akaanza kutabasamu taratibu.

Uamuzi ulisomwa kwa Kiswahili. Siku hizi huwezi hata kujidanganya kwamba hukuelewa. Kumbukumbu zote za shauri zimefutwa, hukumu imefutwa, kesi isikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wajumbe wengine. Na kwa kuwa kasoro imeibuliwa na mahakama yenyewe, kila upande ubebe gharama zake. Tukainama, tukatoka.

Kwenye ngazi shangazi akaniuliza kwa Kinyambo, "Amesema kibanja ni cha nani?"

"Hajasema, shangazi."

"Hajasema?"

"Amesema maoni hayakusomwa. Tuanze upya."

Akasimama katikati ya ngazi, watu wanampita. "Kwa hiyo muda wote ule alikuwa anasikiliza nini?"

Nilimlaani yule jaji kutoka Bukoba mpaka Kyaka. Mama mzima, msomi, amepewa chungu cha chakula, haangalii kilichomo, anauliza kama mfuniko ulifunuliwa mbele ya walaji! Lakini gari lilipovuka daraja na kuanza kupanda kurudi kwetu, nikaanza kujiuliza mwenyewe. Mimi nilijua kilichomo ndani ya bahasha kwa sababu nilikichapa. Shemeji angejuaje? Shangazi mwenyewe alijuaje? Kama leo bahasha iliyofungwa imebeba haki, kesho inabeba nini, na nani atajua? Kazi ya yule mama haikuwa kutuambia kibanja ni cha nani. Ilikuwa kuangalia kama walioamua waliamua hadharani. Nikagundua nimemlaani mtu asiyehusika, na kinyaa changu chote kikahama, kikaenda kukaa panapostahili.

Mzee alipokuja dukani sikusimama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Poleni sana, waitu, watu wetu." Akatoa kifurushi chake cha kahawa, akakifungua juu ya kaunta.

"Babu, kesi ya shangazi imefutwa kwa sababu hukufungua mdomo."

"Imefutwa kwa sababu jaji ni mgeni." Hakukasirika, hilo ndilo lililoniudhi. "Kule Bukoba wanazikana kwa kanuni? Wakiniletea huyo jaji hapa nitamweleza. Mimi haki niliiandika, wewe ni shahidi."

"Uliiandika ukaifungia!"

"Nilimpa mwenye kuisema." Akasukuma kahawa kidogo kuja upande wangu. "Tafuna, hasira itashuka."

Kumbe si ya shangazi peke yake. Nyingine zilifuata kufutwa, zote za bahasha, na mimi nilizitambua moja baada ya nyingine watu walipokuja kutoa fotokopi za uamuzi. Mjane, kijana yatima, wafugaji wawili ndugu waliogombea njia ya ng'ombe kwenda majini. Mzee aliwapa pole wote, kila mmoja na kahawa yake. Hakuna hata mmoja aliyejua pole hiyo inatoka kwa nani. Nilikuwa najua mimi, nikakaa kimya, biashara ni biashara. Nikijitazama kwenye kioo siku nyingine huwa sijipendi.

Niseme kidogo juu ya misiba, maana bila hiyo hamtamwelewa. Hakuna msiba alioukosa, Karagwe mpaka Kyerwa. Anafika kwa bodaboda, koti la kahawia, kofia mkononi, analia kidogo, kilio cha kweli. Kisha anatafuta mahali pa kukaa, na mahali pake palikuwa palepale siku zote: pale turubai la wafiwa linapokutana na turubai la majirani. Mvua ikinyesha, maji yote hudondokea pale, na watu wenye akili hupakimbia. Yeye aliweka kiti chake hapohapo, mguu mmoja huku, mmoja kule, bega limelowa. Watu walisema ona unyenyekevu. Mimi nilisema hivyo pia.

Kesi ikaanza upya. Mwenyekiti mwingine, wazee wengine, na muda wa mzee wetu barazani ulikuwa umekwisha. Lakini yule jirani aliyewauzia kibanja alikuwa ameshafariki. Visiki vya mramura navyo havikuwepo: Shemeji alichimba mstari mzima, akapanda maharage. Kumbukumbu zilizoandika kwamba visiki vilionekana ndizo zilizofutwa. Ukituondoa sisi ndugu, ambao neno letu halina uzito, na yule mzee mwenzake ambaye hafanyi kitu mwenzake asichofanya, waliobaki walioviona kwa macho walikuwa mwenyekiti wa zamani, aliyehamishwa, na mzee. Wakili wetu akasema twende tumwombe aje kama shahidi, aseme tu alichokiona shambani.

Tulikwenda nyumbani kwake, shangazi na mimi. Shangazi alipiga magoti mlangoni, mwanamke wa umri ule, na mzee akamwinua haraka, akamkalisha, akaita mkewe alete ndizi. Tulikula. Tulizungumza juu ya mvua na juu ya bei ya kahawa. Mwisho shangazi akasema.

"Waitu, sikuombi uniongezee kitu. Ulivyoviona vile visiki, useme umeviona. Basi."

Mzee akazungusha kofia mapajani. "Nisimame pale, na shemeji yako ananitazama?"

"Atakutazama, ndiyo. Mimi ananitazama kila siku."

"Nitafikiri," akasema. Akafunga kahawa kwenye jani, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili. Mikono ileile!

Tarehe ilipofika, shangazi alikaa kwenye benchi la nje na gomesi yake. Kila bodaboda ikikata kona aliinua shingo. Saa nne, saa sita, saa nane. Nilimpigia simu mzee, akapokea, nyuma yake nasikia nyimbo za kanisa. Alikuwa Kyerwa, msibani. Kesi ikaahirishwa. Tarehe ya pili shangazi hakuinua shingo tena. Alikaa akiangalia mikono yake, na alipoitwa ndani kusema kama shahidi wake amefika alisema, "Hajafika, Mheshimiwa, ni mtu wa watu." Mwenyekiti alidhani anatania.

Alikufa kabla ya tarehe ya tatu. Presha, walisema hospitali. Aliamka vizuri, akapalilia, akaanguka palepale kwenye kahawa.

Tulidhani angalau sasa atalala kwake. Jeneza liko njiani, Shemeji akaja na karatasi ya amri ya baraza: kwa kuwa shauri linaendelea, hali ya kibanja ibaki kama ilivyo, asichimbe mtu. Wakili akatuambia tunaweza kwenda kuipinga. Maiti ingengoja kwa wiki ngapi? Kipande kile alichokiacha miaka yote, asichopanda hata maharage, kikabaki kitupu. Tukamgeuza, tukampeleka Nyabiyonza, kwa kaka yake, kama msichana aliyeachika. Baba yangu alichimba kaburi mwenyewe, hakutaka kumtazama mtu.

Siku ya mazishi kulinyesha. Shemeji alikuja na watu wake, ndiyo, alikuja, mila inamtaka aje, wakakaa chini ya turubai la upande wa barabara. Sisi upande wa nyumba. Mzee wa baraza akafika kwa bodaboda. Akalia, chozi la kweli kabisa, akaweka kiti chake pale maturubai mawili yanapokutana. Maji yakaanza kumdondokea begani. Alipopewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wazee, aliinuka, kofia kifuani.

"Dada yetu huyu," akasema, "alikuwa mtu wa amani. Hakuwa na ugomvi na mtu."

Hakuwa na ugomvi! Nikasimama kabla hajakaa, nikatoa simu, na kwenye simu nilikuwa nayo ile karatasi, niliihamisha kutoka kwenye kompyuta tangu siku aliyoanguka, sijui kwa nini. Nikasema, hapa kuna maneno ambayo yalitakiwa kusomwa mbele ya pande zote mbili, na pande zote mbili leo zipo.

Nikasoma. Machipukizi mawili na machipukizi matatu. Visiki na mizizi ya rangi ya chungwa. "Kibanja ni cha mama huyu. Mjibu maombi ameung'oa mpaka kwa mkono wake, aurudishe kwa mkono wake. Mama aachwe akae alipozikwa mumewe mpaka naye azikwe hapo." Nikasoma hadi chini, nikasoma na jina la aliyeandika.

Shemeji alimtazama mzee kwa muda mrefu, siyo mimi, mzee. Kisha akanyanyuka, watu wake wakanyanyuka, wakaondoka kwenye mvua bila kuaga. Turubai zima la upande wa barabara likabaki na viti vitupu.

Mzee alinifuata. Nilijiandaa kwa matusi, au kwa msamaha, nilikuwa na jibu la vyote viwili. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "sasa mimi nitakaa wapi?"

Lo! Jeneza lile pale, na yeye anauliza kiti.

"Wewe si ulisema kesi inaisha, jirani haishi?" nikamwambia. "Jirani ameisha, babu. Kesi ndiyo ipo, tumepangiwa tarehe."

Tulipokwenda kaburini alikuja nyuma yetu peke yake, na wanaume walipoanza kufukia akaokota jembe, naye atie udongo kama anavyotia kila msiba. Nililishika mpini. Tulivutana kidogo, mzee yule na mimi, mbele ya watu wote, mpaka akaliachia.